Majina Yetu Ukutani

Wifi yangu, mdogo wa mwisho wa marehemu mume wangu, alikuwa na kazi ambayo kwa muda mrefu nilishindwa kuieleza kwa wageni. Katika ukoo wa mume wangu kuna mwalimu mkuu, kuna hakimu, na mume wangu mwenyewe alikuwa mkaguzi mkuu wa hesabu. Hizo ni kazi ambazo ukizitaja huhitaji kuongeza neno. Lakini wakiniuliza kuhusu wifi, nilikuwa nasema tu "yuko kwenye kompyuta" na kuwakaribisha chai.

Siku moja alichoka na jibu hilo. Alinikalisha mezani kwangu, akavuta vikombe vyangu vyote karibu yake.

"Sikiliza, wifi, ili usiniaibishe tena mbele za watu. Chukua hili sinia. Hii ni seva, kompyuta moja kubwa yenye nguvu kama jengo zima. Hivi vikombe ni kompyuta ninazoziweka ndani yake. Hazina mwili. Tunaziita kompyuta pepe. Kila moja inajiona ina nyumba yake, kumbe zote ni wapangaji wangu."

"Na unazitoa wapi?"

"Ninayo moja ya mfano niliyoitengeneza kwa mkono wangu ikakamilika. Hicho ndicho kiolezo. Nikitaka nyingine, nainakili. Shida ni kwamba kila nakala inaamka ikiamini kuwa yenyewe ndiyo ile ya kwanza. Jina lile lile, anwani ile ile, neno la siri lile lile. Ukiziachia hivyo kwenye mtandao zinagombana kama wake wenza. Kwa hiyo kabla haijafumbua macho, naiandikia maagizo. Wewe unaitwa hivi. Unakaa hapa. Saa yako ni hii. Neno lako la siri ni hili, na lango lako la kuingilia ni lile. Ikiwaka mara ya kwanza inayasoma, inajizima, kisha inajiwasha tena ikiwa mtu mwingine kabisa."

"Na hapo katikati?"

"Hapo katikati haiguswi. Unakunja mikono. Ukiigusa kabla haijamaliza, inabaki nusu hii, nusu ile, na hakuna wa kuisaidia."

Nilimwelewa. Alikuwa na akili ya kufundisha, kama baba yake, ila hakuwa na sauti ya baba yake. Alizungumza taratibu, akiinamisha kichwa, na watu wa aina hiyo maofisini huliwa wazima.

Alifanya kazi katika taasisi ya mitihani ya kitaaluma. Wauguzi, wahasibu na wapima ardhi waliomaliza masomo walikwenda pale kufanya mtihani wao wa mwisho mbele ya skrini, na bila kufaulu hapo hawakuruhusiwa kufanya kazi. Kabla ya kila mtihani yeye ndiye aliyezizalisha zile kompyuta za watahiniwa, na mtihani ukiisha ndiye aliyezifuta ili asiwepo wa kurudi kuchungulia majibu. Pale kazini walimpa jina la Mkunga. Kulikuwa na mwanamume mmoja katika chumba chao, msaidizi wake, ambaye hakuwahi kuonekana bila tai hata siku za jua kali, nao wakamwita Bwana Tai. Huyo alipenda kuongeza, "Asubuhi mkunga, jioni mchimba kaburi." Wote walicheka, na wifi yangu akacheka nao.

Hakuwa ameolewa, wala hakuwa na mtoto. Walikuja wachumba wawili enzi za ujana wake. Wa kwanza tulimkataa sisi, wa pili alijikataa mwenyewe. Kwa hiyo jina lile la Mkunga lilikuwa na mwiba ndani, na kila aliyelitamka alijua mahali mwiba ulipo.

"Mkunga," Bwana Tai alimwambia siku moja kwenye chumba cha chai, watu wamejaa, "unazalisha za watu tu. Wako lini?"

"Wangu wangefanana na mimi," akajibu, "nani angewabeba?"

Alinisimulia hayo mwenyewe, tena akicheka. Nikamkanya. "Ukicheka nao wanadhani umewapa ruhusa."

"Nisipocheka, wifi, wataongeza."

Alipanga vyumba viwili juu ya duka la rangi. Harufu ya rangi ilipanda kwenye ngazi hadi kwenye mapazia yake, na mtu ukimkumbatia unaisikia kwenye nywele zake. Ndani palikuwa pasafi: kitanda, meza ya pasi, feni iliyofungwa kwa waya, na ukutani picha ya baba yake akiwa amesimama mbele ya shule yake na fimbo mkononi. Picha hiyo ilikuwa kubwa kuliko dirisha. Nilimwambia aipunguze, akasema baba hapunguzwi.

Naye baba huyo, Mungu amrehemu, hakumpunguzia. Alipougua mara ya mwisho aliwaita watoto wake kitandani, akamuuliza kila mmoja amekuwa nani. Mmoja akasema hakimu. Mume wangu akasema mkaguzi mkuu. Wifi akasema, "Nakaimu ukuu wa chumba cha mitambo, baba." Mzee akafumba macho, akasema, "Sikuuliza unamshikia nani kiti." Halafu hakumsemesha tena hadi alipokata roho. Nilikuwepo, nimeshika bakuli la maji.

Tangu siku hiyo wifi yangu alitaka kitu kimoja tu, na alikitaka kama mtu mwenye kiu: athibitishwe. Mkuu wa zamani alishastaafu, yeye akawa anafanya kazi yote ya ukuu, anasaini, analaumiwa, lakini kwenye mlango wa ofisi hapakuandikwa cheo chake. Mwishowe Mkurugenzi wa taasisi alitangaza kwamba bodi ingekuja siku ya mtihani mkubwa, ingetembezwa, ingemwona kazini, na ingeamua. Kama si yeye, ni Bwana Tai.

Mkurugenzi huyo nilimfahamu. Aliwahi kuwa chini ya mume wangu, tena alifunzwa naye kushika kalamu. Basi wiki chache kabla ya mtihani nilivaa vizuri nikaenda kumsalimia. Sikwenda kuomba. Nilikwenda kuonekana, ili akumbuke yule binti anayemkaimisha ametoka nyumba gani.

Alinipokea kwa heshima, akanipa kiti chake mwenyewe. Baada ya chai akasema, "Mama, njoo nikuonyeshe fahari yangu." Tukashuka hadi kwenye chumba cha mitambo, ambacho upande mmoja ulikuwa wa kioo. Ukutani mle ndani kulikuwa na skrini kubwa kama mlango uliolazwa, imejaa mistari ya kijani. Alinieleza kuwa kila mstari ni kompyuta moja na jina lake. Ikiwa nzima inakuwa ya kijani, ikiharibika inageuka nyekundu. Wageni wote, alisema, waliipenda skrini ile.

Mstari mmoja ulikuwa mwekundu. Nikausoma. Lilikuwa jina la mume wangu. Si jina moja tu, bali yote matatu, lake, la baba yake na la babu yake, kama tulivyoyachonga kwenye jiwe la kaburi.

Nikiwa bado nashangaa, sauti ikatoka ndani, mlango ukiwa wazi. "Mzee amekufa tena!"

"Mfufue basi," akajibu mwingine.

"Huyu kila wiki anakufa. Mwache afe kabisa, Mkunga atazaa mwingine."

Wakacheka. Aliyesema hilo la mwisho alikuwa amevaa tai. Wifi yangu alikuwa ameketi mbele ya skrini yake ndogo, ametupa mgongo, anaandika kitu. Hakucheka, lakini pia hakusema neno. Kisha ule mstari ukageuka kijani, mtu akapiga makofi.

Mume wangu aliugua muda mrefu. Nilimlisha kwa kijiko, nikamgeuza kitandani, nikamfumba macho kwa vidole vyangu. Nilimgeukia Mkurugenzi, naye nikaona ameelewa, kwa sababu alitazama viatu vyake. Kumbe alilisoma jina lile kila siku na hakuwahi kuona vibaya.

Jumamosi asubuhi nilipanda zile ngazi zenye harufu ya rangi. Wifi alikuwa anapiga pasi.

"Karibu wifi, kaa. Nilikuona juzi pale kwenye kioo."

"Uliniona, na hukutoka."

"Seva ilikuwa imekwama, wifi. Watu walikuwa wanasubiri."

"Si seva. Alikuwa kaka yako."

Akaiweka pasi pembeni. Akanieleza bila kujificha. Kwenye maagizo ya kila kompyuta lazima uandike jina, na kompyuta za watahiniwa, kwa kuwa zinakufa siku hiyo hiyo, alizipa namba tu. Lakini zile za kudumu, zile zinazobeba taasisi, alizipa majina ya watu waliombeba yeye. Ile inayokaa langoni na kuamua nani aingie mtandaoni nani asiingie aliipa jina la baba yake. Inayotunza akiba, jina la mama yake. Na ile inayopokea majibu ya watahiniwa wote aliipa jina la kaka yake, ambaye ndiye aliyemsomesha.

"Nilimweka mahali pa heshima," akasema. "Kaka ukimwambia jambo halipotei. Ndivyo ilivyo ile seva."

"Na wanapomuua?"

"Hawamuui. Wanaizima na kuiwasha."

"Nimesikia kwa masikio yangu haya. Mwache afe kabisa, atazaliwa mwingine."

Akanyoosha shati mezani kwa viganja.

"Na mimi je?" nikamuuliza. "Mimi nimo?"

"Wifi, acha."

"Nimo au simo?"

"Umo. Wewe ni ya kuchapisha."

"Kwa nini?"

Hapo akashindwa kujizuia, tabasamu likamtoka upande mmoja wa mdomo. "Kwa sababu ikinuna haitoi karatasi hata moja mpaka ifunguliwe kifua."

Huenda siku nyingine ningecheka. Siku ile nilisimama. Nikamwambia majina yote ya ukoo yatoke ukutani kabla bodi haijaja, kwa kuwa katika bodi hiyo walikuwemo watu waliofanya kazi na mume wangu, waliombeba siku ya mazishi, na sitaki wasimame kwenye kioo wamtazame akifa na kufufuliwa na wahuni.

"Baada ya mtihani, wifi. Nakuapia. Jina la seva si nguo, uvue uvae nyingine. Kila programu inamwita kwa jina hilo. Nikibadilisha sasa naweza kuangusha kila kitu. Hiyo ndiyo siku yangu, unajua."

"Najua. Na hilo ndilo jina langu."

"Jina lako?" Sauti yake ikabadilika, ndipo nikajua kuwa na yeye alikuwa na meno. "Wewe umelikuta. Mimi nimezaliwa nalo."

"Mimi nimelizalia watoto watatu," nikasema. "Wewe umelizalia kompyuta."

Alichukua pasi akaendelea na shati lake, na kola yake ikaungua pale pale, kwa kuwa hakuwa akiitazama. Niliteremka ngazi.

Nyumbani nilimpigia Mkurugenzi simu. Sikulaumu, nilisema tu kwamba kama anamheshimu marehemu, wageni wasilikute jina lake pale. Akajibu haraka, "Mama, nimeelewa. Wageni hawataliona. Nakupa neno langu." Akamwagiza wifi ayatoe majina kabla ya ugeni, na wifi alipomwomba angalau skrini ile izimwe siku hiyo, kazi ya majina ifanyike mtihani ukishapita, alimkatalia. Skrini ilikuwa fahari yake.

Basi akaanza kazi mbili kwa wakati mmoja: kuandaa mtihani na kutoa majina. Ya kuchapisha, yaani mimi, alinifuta kwanza, na sikuona ubaya. Ya akiba ikafuata. Ile ya langoni aliibakiza na kuificha tu isionekane ukutani, kwa sababu hiyo hata Mkurugenzi aliogopa kuigusa. Ikabaki ya majibu, ambayo Mkurugenzi hakutaka ifichwe, kwa kuwa ndiyo wageni walikuja kuiona, wala ibandikwe tu jina jingine juu ya lile la zamani. Wifi alitaka kuijenga mpya kando ya ile ya zamani, aiache ile ya zamani ifanye kazi hadi mtihani uishe, kisha ahamishe mzigo jioni. Ulikuwa mpango mzuri. Asubuhi ya mtihani, watahiniwa wakiwa wameshaanza sehemu ya pili baada ya mapumziko, wageni wakiwa wanakunywa chai ghorofani, Mkurugenzi akashuka.

"Jina bado liko ukutani."

"Mheshimiwa, mtihani unaendelea."

"Nimeahidi. Wanamaliza chai sasa hivi. Nataka wakifika hapa wakute jina jipya."

Yaliyofuata nilielezwa na wifi mwenyewe, na baadaye nikayasikia kwa Mkurugenzi, na hayakutofautiana. Kwa kompyuta nyingine zote, maagizo yake yalikuwa yanamuuliza jina kila anapozalisha, naye anaandika. Lakini kwa ile ya kaka yake alikuwa amelipigilia jina ndani ya maagizo tangu mwanzo, ili hata ikiharibika kabisa na kujengwa upya irudi ikiwa yeye yule yule. Asubuhi ile aliyachukua maagizo hayo ya zamani ili asianze upya. Akabadilisha anwani. Akabadilisha neno la siri. Akakagua saa. Akaandika jina jipya kwenye kibandiko cha nje, kile tunachokiona sisi, akaridhika. Lile la ndani, ambalo kompyuta yenyewe inajijua kwalo, hakuligusa. Alikuwa amelizoea kiasi kwamba jicho lake lilipita juu yake kama linavyopita juu ya picha iliyotundikwa ukutani siku zote.

Akaiwasha. Akakunja mikono, kama kawaida yake, hakuigusa. Ikasoma maagizo, ikajizima, ikajiwasha, ikaenda langoni kubisha hodi. Ikasema jina lake: lile la mume wangu. Na lango lilipopokea mgeni mwenye jina hilo na neno sahihi la kuingilia langoni, likamwandikisha, na pale pale likamfuta yule wa zamani aliyekuwa nalo. Ndivyo lilivyo, hapawezi kuwa na wawili. Ile seva iliyokuwa imeshika majibu ya ukumbi mzima ikawa haitambuliki ndani ya nyumba yake yenyewe. Kila kompyuta ya mtahiniwa ilipoipelekea jibu, lilikataliwa.

Ukumbini skrini ziliganda. Muuguzi mmoja mjamzito, ambaye alikuwa anarudia mtihani ule, alipiga meza kwa viganja vyote viwili, akawa anasema, "Nilikuwa nimemaliza, nilikuwa nimemaliza." Majibu yote waliyoandika baada ya mapumziko yakapotea. Walitakiwa kurudia wote.

Nao wageni wakawa wamefika kwenye kioo. Ukutani kibandiko kipya kilikuwa cha kijani, kizuri. Chini yake jina la mume wangu likawaka jekundu, likawa linapepesa. Mzee mmoja wa bodi akavua miwani, akaivaa tena.

"Huyu si mkaguzi wetu? Yule marehemu?"

"Ndiye mwenyewe, Mheshimiwa," akasema Bwana Tai kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa. "Leo amekufa na watahiniwa."

Wako waliocheka. Mzee yule ndiye aliyenipigia simu jioni, akidhani ananifariji.

Kikao cha uchunguzi kilipangwa. Swali lilikuwa moja tu na kila mtu alilijua: kwa nini mtu mwenye uzoefu ajenge seva katikati ya mtihani? Mkurugenzi alishaandika maelezo yake. Alisema alimwagiza aondoe majina, hakumwagiza lini. Wifi akaja kwangu na hotuba fupi aliyoiandaa njiani. Nilikuwa nimemwita shemeji yangu mkubwa, yule hakimu, kwa kuwa jambo hili halikuwa la wanawake wawili.

"Naomba wifi aende kwenye kikao," akamwambia kaka yake. "Aseme kwamba yeye ndiye aliyetaka majina yatoke kabla ya wageni, na kwamba Mkurugenzi alimpa neno lake. Basi. Sitaki aniombee. Aseme lililotokea. Watajua niliamriwa, na nitabaki na nafasi yangu."

Shemeji akamuuliza, "Na wakimuuliza wifi yako kwa nini alitaka yatoke?"

"Atasema."

"Atasema nini? Kwamba jina la kaka yako lilikuwa kichekesho cha vijana kwa miaka, wanaliua wanalifufua, na aliyeliweka pale ni dada yake? Iandikwe kwenye taarifa ya bodi? Na la baba pia?"

"Kaka, nitapoteza kila kitu."

"Hukuwa nacho," shemeji akasema. "Ulikuwa unakaimu."

Wifi akanitazama mimi. Nilijua ananiomba nini, na ningeweza. Ilikuwa safari fupi tu. Lakini kwangu jambo lilikuwa wazi: cheo ni cha mtu mmoja na kinaisha naye, jina wanalo watoto wangu na watakuwa nalo wana wa wanangu. Nikamwambia, "Wifi, kosa la jina ulifanya wewe kwa mkono wako. Hilo hata mimi nikienda siwezi kulifuta."

Akachukua mkoba wake. Mlangoni akasema tu, "Sawa." Hakuupiga mlango.

Kwenye kikao alisema alikosea jina. Wakamuuliza nani alimtuma aifanye kazi ile saa ile, akasema hakuna. Mkurugenzi alikuwa ameketi pale pale akasikia, akatoa leso akajifuta shingo. Basi, mtu akikataa kutoa sababu, watu humtungia. Wakaanza kusema alilipwa na mtahiniwa aliyeona anafeli, avuruge mtihani ili urudiwe. Maneno hayo yametembea mpaka yakafika kwenye shule ya mjukuu wangu. Ndiyo sababu nimekaa nikaandika yote haya, hata yale ya kuchekwa, ili ijulikane kwamba katika nyumba hii hajatoka mwizi. Wifi yangu hakupokea kitu cha mtu. Alisahau kubadilisha jina la ndani, akanyamaza kwa sababu tulimtaka anyamaze.

Bodi ikampa Bwana Tai ukuu. Wifi akaambiwa akabidhi kazi, kisha aondoke.

Kukabidhi kwenyewe kulikuwa hivi. Bwana Tai alivuta kiti karibu yake, akakiri kwa mara ya kwanza kwamba yale maagizo hajawahi kuyaelewa vizuri, kazi yake ilikuwa kutazama skrini ya ukutani. "Sasa, Dada," akasema, maana siku ile aliacha kumwita Mkunga, "nifundishe kama unavyomfundisha mtoto." Naye akamfundisha. Alimwonyesha kiolezo na jinsi ya kukitunza. Alimwonyesha mahali pa saa, mahali pa anwani, mahali pa neno la siri. Alimwonyesha tofauti ya jina la nje na jina la ndani, akamrudisha hapo, akamfanya azalishe moja mwenyewe na kukunja mikono. Alimwambia hata ni seva ipi husumbua siku za joto, na ni kitufe kipi asikiguse akiwa na haraka. Ilichukua siku nzima. Mwanamume yule aliandika kila kitu.

Alipoona ameelewa, Bwana Tai akasogeza kibodi upande wake, akaandika kidogo, akabonyeza. Skrini ya wifi yangu ikajifunga mbele yake. Alijaribu neno lake la siri, ikalikataa. Akajaribu tena, taratibu, herufi moja moja, akidhani amekosea.

"Usihangaike, Dada," akasema Bwana Tai. "Nimeshakuondoa. Nilitaka nione kama nimejua." Mlinzi akamchukulia sanduku lake hadi getini.

Alipita kwangu akiwa bado na sanduku hilo mikononi. Ndani mlikuwa na kikombe, viatu vya kubadilisha na sweta ya kile chumba chenye baridi. Nilimpa chai. Alinisimulia hayo yote kwa sauti yake ile ya chini, bila kulia, na nilipomsikiliza nikapandwa na hasira kwa ajili yake, maana hata mimi si jiwe.

"Sasa kwa nini umemfundisha yote?" nikamuuliza. "Ungeficha hata kitu kimoja. Angekuja kukupigia magoti."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani.

"Ningeficha, wifi, kesho mngesema nimeliharibu jina."

Nilimjibu kwamba ni kweli, tungesema.